Rejea Sala Yangu ya Jumatatu

Muuguzi alipima presha ya Mwalimu mara tatu, akaandika namba tatu kwenye kipande cha karatasi, kisha akamwomba mumewe, Karani, atoke nje kidogo.

"Nimekosa nini?" Karani aliuliza.

"Hujakosa kitu, baba. Toka tu, uhesabu mpaka mia mbili."

Karani alitoka. Alisimama kwenye ujia, mbele ya pazia la kijani, akahesabu kwa sauti, kwa sababu hakuwa mtu wa kufanya kazi ya kuhesabu kimoyomoyo. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walimtazama. Mmoja akamsogezea kiti. Alipofika mia na arobaini aliitwa ndani. Muuguzi akaufunga tena mkanda mkononi mwa Mwalimu, akausukuma upepo, akautazama mshale, kisha akamtazama Karani kama mtu aliyemkamata mwizi wake.

"Ukiwa nje, mia na thelathini na mbili," alisema. "Ukiwa ndani, mia na sitini na tano. Nimerudia ili nisikuonee. Baba, ugonjwa wa mkeo nimeshaujua. Una miguu miwili na umevaa tai."

Mwalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, tezi limemtokeza shingoni kama ngumi ya mtoto. Alijaribu kukizuia kicheko, akashindwa. Kicheko kilitoka kikifuatwa na mluzi mwembamba, kwa maana tezi lilikuwa limeanza kulibana koo. Mluzi ule ndio uliokuwa ukimnyima Karani raha kwa mwezi mzima. Kila alipousikia, roho yake iliruka juu, na kila roho yake iliporuka, uso wake ulitoa taarifa. Na mkewe alikuwa ameusoma uso ule kwa miaka ishirini na sita.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Daktari bingwa wa kukata matezi alifika katika hospitali ile mara moja kila baada ya miezi minne, akakaa wiki moja, akaondoka. Mwalimu alipangiwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Lakini daktari alikuwa ametoa sharti moja: namba ya juu ya presha ikizidi mia na hamsini, hatashika kisu. Atakayekosa angoje miezi minne mingine. Na koo la Mwalimu, kwa maneno ya daktari mwenyewe, halikuwa koo la kungoja miezi minne.

"Basi Alhamisi nitabaki nyumbani," Karani alisema.

"Utabaki na nani?" Mwalimu alimkatiza. "Mimi siingii kwenye chumba kile kama wewe hupo mlangoni. Nimesema."

"Lakini nikiwepo presha inapanda!"

"Basi uwepo bila kuipandisha."

Muuguzi alifungua mkanda. Nje kulikuwa na watu thelathini waliomngoja, hakuwa na muda wa ndoa za watu.

"Baba, dawa yako ni moja. Tulia."

Karani alitoa kalamu mfukoni.

"Mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

Karani alikuwa mkuu wa masjala katika ofisi ya serikali, mwaka wa thelathini na moja sasa. Masjala ni chumba ambamo kila barua inayoingia hupigwa muhuri, hupewa namba, huwekwa kwenye faili lake na kupelekwa kwa mkubwa anayehusika. Karani hakuwahi kupoteza faili. Wakubwa sita walikuja wakaondoka, yeye akabaki na rejesta yake na wino wake mwekundu. Alikuwa pia Mkristo wa kweli, si wa kuonekana Jumapili tu. Shida ilikuwa kwamba alisali kama alivyofanya kazi.

Jumanne alfajiri alipiga magoti sebuleni, mbele ya kochi, akakohoa kidogo.

"Ee Mungu Baba Mwenyezi. Yahusu: upasuaji wa mke wangu. Rejea sala yangu ya Jumatatu, ambayo mpaka sasa sijapata majibu yake. Naomba kukukumbusha kwamba tezi liko upande wa kushoto. Narudia, kushoto. Ni kushoto kwake yeye, siyo kwa daktari anayemtazama. Pili, kuhusu umeme. Endapo utakatika katikati ya kazi, napendekeza mojawapo ya njia tatu zifuatazo..."

Jikoni, mama mkwe aliinua uso kutoka kwenye kikombe cha chai. Alikuwa amefika Jumamosi na begi moja, ili amsaidie binti yake, na tangu siku hiyo alikuwa akimsaidia zaidi kumcheka mumewe.

"Huyu anamwomba Mungu au anampangia zamu?"

"Mwache, Mama," Mwalimu alisema. "Akimaliza hoja zake atasema amina."

"Jana nilihesabu hoja kumi na moja. Ya tisa ilihusu viatu vya daktari."

"Ni kwamba sakafu ya pale inateleza."

"Na wewe unamtetea!"

Karani alizisikia sauti hizo, lakini hakuzijali. Alisema amina, akaketi kwenye kochi, akavuta pumzi moja. Kisha wazo likamjia kwamba huenda hakutaja aina ya damu ya mkewe. Akapiga magoti tena, akaanza kutoka mwanzo.

Usimcheke haraka. Ndani ya hoja hizo zote kulikuwa na jambo moja dogo ambalo hakuwahi kulitamka, si kwa Mungu wala kwa mtu. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kurudi katika nyumba ile na kukuta miwani ya mkewe mezani na mwenyewe hayupo. Kila alipolikaribia neno hilo, alilikwepa, akaongeza hoja nyingine.

Kufika saa tatu alikuwa ameazima mashine ya presha kwa jirani aliyestaafu uuguzi. Alichora mistari kwenye daftari: saa, namba ya juu, namba ya chini, maelezo. Alimpima Mwalimu kila baada ya nusu saa. Saa tatu ilikuwa mia na arobaini. Saa tatu na nusu, mia na arobaini na nane. Saa nne, mia na hamsini na sita. Katika nafasi ya maelezo aliandika: *Inapanda. Sababu haijulikani.*

"Sababu haijulikani?" mama mkwe aliuliza, akisoma juu ya bega lake. "Niletee kioo nikuonyeshe sababu."

Hapo Karani akapiga moyo konde. Akaamua kutulia. Alifungua kifungo cha shati, akaweka mguu juu ya stuli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu stuli ile inunuliwe. Akaanza kupiga mluzi wa wimbo wa kanisani, akakosea katikati. Mwalimu alipopita na beseni la nguo, Karani alimchekea, meno yote nje.

Mwalimu aliliweka beseni chini taratibu.

"Daktari amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu! Mimi nimetulia tu."

"Umetulia?"

"Sana. Nafurahia siku."

"Mume wangu, ulicheka hivyo mara moja tu, siku uliponificha kwamba baba yangu amefariki. Niambie sasa hivi. Amekuambia nini ambacho mimi sijaambiwa?"

"Naapa, hakuna!"

"Usiape! Ukiapa ndiyo naogopa zaidi!"

Mashine ilisema mia na sabini na moja. Mama mkwe aliichukua, akaiviringisha kwenye kitambaa, akaikalia. Kisha akamwonyesha mkwewe mlango.

"Mwanangu, mimi nakupenda. Sijawahi kukuambia na sitarudia. Lakini nenda. Nenda kwa mchungaji, nenda sokoni, nenda kokote kule. Unamuua mke wako kwa mapenzi."

Mchungaji alikuwa juu ya ngazi, nyuma ya kanisa, akigongomea mfereji wa maji ya mvua uliokuwa umelegea. Alikuwa na misumari mitatu mdomoni. Karani alisimama chini na kuishika ngazi, halafu akaanza kuitikisa bila kujua.

"Ndugu yangu," Mchungaji alisema kwa upande wa mdomo, "ukiendelea kunisaidia hivyo, nitaanguka."

Akashuka. Wakaketi kwenye benchi la watoto wa shule ya Jumapili, magoti yakiwa yamewafika videvuni. Karani alieleza yote, kwa mpangilio, kuanzia mluzi wa kooni hadi mashine iliyokaliwa. Mchungaji alisikiliza akipangusa kutu viganjani.

"Nawe umesali?"

"Mchungaji! Tangu Jumatatu nimesali mara kumi na tisa."

"Ukishasema amina, huwa unafanya nini?"

"Naanza tena, nihakikishe sijasahau kitu."

"Hata siku moja hukukaa ukasubiri?"

"Nisubiri nikifanya nini?"

Mchungaji alikuna shavu. Hakuwa mtu wa majibu ya haraka, na waumini wengine walimlaumu kwa hilo.

"Tusali," alisema. Akafumba macho. "Baba, dada yetu ni mgonjwa. Uwe naye na daktari wake, na umpe mumewe amani yako. Katika jina la Yesu, amina."

Karani alibaki ameinamisha kichwa. Alipogundua kwamba imekwisha, alifungua jicho moja.

"Ndiyo basi?"

"Ulitaka niongeze nini?"

"Hukutaja upande wa shingo."

"Ndugu yangu, aliyeitengeneza shingo ile ni nani?"

"Mungu."

"Unadhani ameisahau?"

"Sikusema amesahau," Karani alijitetea. "Nasema ana kazi nyingi. Mtu mwenye kazi nyingi anakumbushwa. Mkurugenzi wetu usipomkumbusha mara tatu hasaini kitu."

Mchungaji alicheka mpaka msumari uliokuwa umebaki mdomoni ukamdondokea. Karani hakucheka. Alirudi nyumbani amekunja uso. Aliona ameenda kuomba msaada mkubwa akapewa wa dakika moja.

Jumatano asubuhi mama mkwe hakumpa hata nafasi ya kumaliza chai. Alimvalisha koti kwa mikono yake.

"Leo kazini."

"Nimeomba ruhusa wiki nzima, Mama!"

"Rudisha ruhusa yao. Kesho tunahitaji namba ndogo, na leo binti yangu anahitaji hewa."

Kwa hiyo Karani aliingia masjala saa mbili, amekunjamana, na akakuta pamechafuka. Katibu wa Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Faili la nyumba za watumishi halionekani. Mkurugenzi ana kikao saa nne, na familia kumi na mbili zinasubiri saini yake ili zisitolewe kwenye nyumba wanazokaa.

Karani alifungua rejesta. Faili lilikuwa limetoka masjala Jumatatu, saa tano na dakika kumi, kwenda kwa Mkurugenzi. Limepokelewa. Saini hii hapa.

"Liko juu," alisema.

"Juu halipo," katibu alijibu. "Nimepekua hadi chini ya zulia. Mkurugenzi anasema tangu jana anataka kusaini na hana cha kusaini."

Katika kona, Karani Mdogo aliinua mkono taratibu. Alikuwa binti mwenye bidii, mwezi wa pili kazini, na kila jambo alilifanya mbiombio. Mkono wake mwingine ulikuwa umelikumbatia faili la bluu kifuani.

"Mkuu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ninalo."

"Unalo? Lilitoka hapa Jumatatu!"

"Nililipeleka mimi mwenyewe. Halafu nikawa na wasiwasi. Nikasema labda hataliona. Jana asubuhi nikaenda nikalichungulia, nikakuta hajasaini. Nikalichukua nikaangalia kama karatasi zimekaa vizuri. Nikalirudisha. Saa sita nikalifuata tena. Saa nane pia. Leo nimelichukua mapema kabla hajafika, ili nimpelekee mkononi nimkumbushe."

Katibu alishika kichwa. Karani alihisi damu inapanda kutoka kwenye soksi.

"Binti!" alinguruma, na vikombe vikatetemeka kwenye trei. "Miaka thelathini na moja sijaona jambo hili! Umepeleka faili juu, kisha umelifuata ukalitoa! Umelipeleka tena, ukalitoa tena! Mkurugenzi atasaini nini, hewa? Ukilipeleka, limetoka mikononi mwako! Si lako tena! Huna la kufanya isipokuwa kukaa kwenye kiti chako na kuliacha hapo lilipo! Yeye anataka kusaini, wewe umelikumbatia halafu unalalamika kwamba hajasaini!"

Mdomo wake ulibaki wazi.

Karani Mdogo alianza kulia. Katibu alilipokonya lile faili akapanda nalo ngazi mbili mbili. Lakini Karani hakuwa akiwatazama. Alikuwa anatazama ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu, akiwa na sura ya mtu aliyesomewa barua yake mwenyewe mbele ya hadhara.

"Samahani, Mkuu," binti alisema kwa kwikwi. "Nilikuwa naogopa tu."

"Najua," Karani alijibu polepole. "Hata mimi."

Nyuma ya masjala kulikuwa na chumba cha mafaili ya zamani, chembamba, chenye rafu hadi darini. Karani aliingia akafunga mlango. Hapakuwa na nafasi ya kupiga magoti, hivyo alisimama kati ya rafu mbili, koti likigusa vumbi huku na huku.

"Ee Mungu Baba Mwenyezi," alianza. "Yahusu..."

Akakwama. Alitafuta hoja ya kwanza, akaipata, akaona aibu kuitaja. Ya pili vivyo hivyo. Aliona hoja zake zote kumi na moja zimejipanga, na yeye amezishika kifuani kwa mikono miwili. Akaziacha. Nyuma yake likabaki lile neno dogo alilolikwepa kwa mwezi mzima.

"Bwana," alisema, na sauti yake haikuwa ya ofisini. "Naogopa. Naogopa nitabaki peke yangu. Huyu mke ulinipa wewe. Kesho siwezi kuingia naye kule ndani. Ingia naye wewe. Mimi nimemleta, nakuachia. Amina."

Alisubiri. Hakuona nuru, wala rafu hazikutikisika. Mkono wake ulipanda wenyewe kwenda mfukoni kutafuta orodha, akaukamata kwa mkono mwingine, akaurudisha chini. Wazo la umeme likaja. Akalijibu kwa sauti, "Nimeshamwachia." Likaja la damu. "Hilo nalo." Alisimama hivyo kama robo saa, akijibishana na mawazo yake kama mlinzi wa getini anayerudisha watu, na kila wazo lilipogeuka, lililofuata lilikuja limechoka zaidi. Halafu akahisi kitu cha ajabu tumboni. Kilimtisha kidogo mpaka alipokitambua. Ilikuwa njaa. Alikuwa hajasikia njaa tangu mwezi uliopita.

Alitoka, akamwomba Karani Mdogo msamaha mbele ya kila mtu, akamgawia nusu ya mkate wake. Binti alikula huku akimwangalia kwa wasiwasi, maana hakuwahi kusikia kwamba mkuu wa masjala huomba msamaha.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, watu watatu waliketi nyuma ya pazia la kijani. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la hospitali lililofungwa kwa nyuma. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni akitoa amri kwa kila aliyepita. Karani alikuwa kwenye kiti, kofia mapajani.

Muuguzi, yule yule, aliingia na mkanda wake. Alipomwona Karani aliguna.

"Baba, nakuomba kwa upendo. Ujiani kuna kiti kizuri sana."

"Nitoke?" Karani alimwuliza mkewe.

"Ukae," Mwalimu alisema. Kisha akamgeukia, akamtazama usoni. Alikuwa na watoto thelathini na nane wa chekechea, na mtazamo ule aliutumia kwa mtoto anayesema hajala chaki huku midomo ikiwa myeupe. Karani hakukwepa. Hakutoa meno.

"Una nini leo?" Mwalimu aliuliza.

"Naogopa."

Mama mkwe alifunga macho. "Basi, tumekwisha," alinong'ona.

"Unaogopa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Naogopa nisije nikakukosa. Ndicho kitu pekee ninachoogopa, mengine yote nilikuwa naongeza. Jana nilimwambia Mungu, nikakuacha kwake. Usiku nilikuchukua tena, nikakurudisha. Asubuhi hii kwenye basi nimekurudisha mara mbili. Lakini sasa hivi uko kwake. Hakuna jambo lolote alilosema daktari ambalo nimekuficha. Ni hilo tu."

Muuguzi alisimama na mkanda mkononi, akijifanya hasikii.

"Yaani ulikuwa unaogopa tu?" Mwalimu alisema.

"Tu!"

"Mwezi mzima mimi nafikiri unajua kwamba nakufa."

"Mimi? Mimi najua nini? Mimi ni karani."

Mwalimu alianza kucheka, taratibu, na mluzi ukacheka naye. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya machozi yale kicheko kikawa kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Karani akamshika mkono. Walikaa hivyo hata muuguzi akachoka kungoja, akaukamata mkono mwingine akaufunga mkanda.

Alisukuma upepo. Akatazama mshale. Akaukunjua mkanda, akaufunga upya, akapima tena.

"Mia na thelathini na nane," alisema. Akamtazama Karani kuanzia viatu hadi upara. "Na wewe umo ndani."

"Nimo."

"Umekunywa nini?"

"Chai."

Muuguzi aliandika namba. Kabla ya kwenda, aliinama karibu na Karani. "Nami nina mwanangu yuko kwenye mitihani," alisema kwa sauti ya chini. "Baadaye, ukipata nafasi, uniombee. Maneno machache tu."

Saa tatu kasoro dakika tano, kitanda cha Mwalimu kilisukumwa. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji alimvuta mumewe kwa tai.

"Utakaa hapa hapa."

"Hapa hapa."

"Na usimfundishe daktari kazi."

"Sina hata swali moja."

Mlango ukafungwa. Na hapo ndipo, bila kutarajiwa na mtu, mama mkwe alipoporomoka. Wiki nzima alikuwa imara, maana kulikuwa na mtu wa kumcheka. Sasa mtu huyo ameketi kimya, na hofu iliyokuwa imekosa nafasi ikampata. Leso ilijaa machozi. Alisema maneno ambayo hayakuwa na mpangilio: kwamba huyu ndiye mtoto wake wa mwisho, kwamba alimzaa kwa taabu, kwamba madaktari wa siku hizi ni watoto wadogo, kwamba sakafu ile ya ndani inateleza.

Karani alimshika mkono. Katika miaka ishirini na sita mkwe yule hakuwahi kushika mkono ule isipokuwa kwa salamu, na wote wawili hawakujua wangeuachia lini. Wakabaki wameshikana, kila mmoja akitazama upande wake.

"Niombee, mwanangu," mama mkwe alisema hatimaye.

Karani alisali. Ilikuwa fupi. Mama mkwe aliitikia amina, akapenga kamasi, akauegemeza mgongo kwenye ukuta. Baada ya muda akasema kwamba benchi lile ni gumu, na Karani akajua anaendelea vizuri.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Wahudumu waliingia na kutoka na vitoroli, wala hakuna hata mmoja aliyewatazama wale wawili. Saa tano na nusu mlango ulifunguka, daktari bingwa akatoka, kofia ya kitambaa bado kichwani, barakoa imeshushwa hadi kidevuni. Kweli alikuwa kijana.

"Ndugu wa Mwalimu!" aliita.

Mama mkwe aliinua kidole mdomoni, akampungia aje karibu, haraka. Daktari alishangaa, lakini alikwenda. Hapo akaona. Karani alikuwa amelala, kichwa chake kimeangukia bega la mama mkwe, mdomo wazi, tai imepinda hadi sikioni. Alikuwa akikoroma kwa utaratibu, kama mtu asiye na kesi yoyote duniani.

"Sema polepole," mama mkwe alinong'ona. Macho yake yalikuwa yamemtoka, lakini bega hakulisogeza.

Daktari aliinama hadi sikioni mwake. "Tumemaliza salama, mama," alinong'ona naye. "Tezi limetoka lote. Anapumua vizuri, na ameshaamka. Sauti yake inakwaruza, lakini ipo. Anamwulizia mumewe."

Machozi yalimshuka mama mkwe kwenye mashavu yote mawili kwa pamoja. Hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na mwingine ungetikisa bega.

"Mwambie anakuja," alisema. "Mpe dakika tano, daktari. Mtoto wangu huyu ana wiki nyingi hajalala."